Mtoto Anaposomea Nje: Majira ya Kuchipua Katika Darasa la Chekechea

Mwongozo kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani



Theluji inapoyeyuka, kati ya mwezi wa Machi na Mei, walimu wengi wa chekechea katika majimbo ya Maine, Vermont, New Hampshire na Massachusetts huanza kuwatoa watoto nje ya darasa. Mtoto wa miaka mitano hurudi nyumbani akiwa na tope magotini, kijiti mfukoni na habari za kiwavi aliyemwona juu ya jani. Wapo wazazi wanaofurahi. Wapo wanaoshangaa na kujiuliza: je, nimempeleka mtoto shule ili akachezee udongo? Na wapo waliosikia habari za kupe na ugonjwa wake, wakaamua kumbakiza mtoto nyumbani siku ya matembezi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi hao wote. Unaeleza watoto wanajifunza nini huko nje, hatari zipi ni za kweli, na mzazi afanye nini kabla mtoto hajatoka na baada ya kurudi. Neno lake kuu ni hili: mwache mtoto atoke, na jioni umkague. Mzazi anayemzuia mtoto humkosesha somo. Mzazi anayemwachia asimkague humwacha katika hatari ambayo dakika tano za kila jioni zingeiondoa.

1. Watoto wanajifunza nini nje

Viwango vya sayansi vilivyotolewa mwaka 2013, ambavyo majimbo mengi ya Marekani huvifuata au yamevirekebisha kwa mahitaji yao, vinamtaka mtoto wa chekechea ajue mambo machache ya msingi. Ajue kwamba mimea huhitaji maji na mwanga ili iishi, na wanyama huhitaji chakula. Ajue kwamba hali ya hewa hubadilika kwa mpangilio unaoweza kuangaliwa na kuandikwa. Ajue kwamba jua hupasha ardhi joto. Ajue pia kwamba binadamu anaweza kupunguza madhara anayoyaletea ardhi, maji na hewa.

Mambo haya hayaeleweki vyema kwa picha peke yake. Mtoto anapoweka kiganja juu ya lami iliyopigwa na jua, kisha akakiweka juu ya lami iliyo kivulini, amefanya jaribio la sayansi. Anapohesabu matone ya utomvu yanayodondoka kutoka kwenye mti uitwao mepo, anajifunza hesabu na biolojia kwa pamoja. Utomvu huo ndio wenyeji wa hapa huuchemsha kuwa shira tamu, na huhitajika takriban galoni 40 za utomvu ili kupata galoni moja ya shira.

Katika madarasa mengi walimu hufuga viwavi. Aghalabu ni viwavi wa kipepeo ambaye wanasayansi humwita Vanessa cardui. Kiwavi hula kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hujining'iniza na kuwa pupa. Baada ya siku 7 hadi 10 kipepeo hutoka. Kipepeo huyu anaishi pia Afrika Mashariki, na vizazi vyake huruka kutoka kusini mwa Sahara hadi Ulaya na kurudi. Huenda wewe mwenyewe ulimwona shambani ukiwa mtoto. Mweleze mwanao hivyo, kwani atakwenda kulisimulia jambo hilo darasani kwa fahari.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui. Ikiwa umewahi kulima, kufuga kuku au kuchunga mbuzi, unayajua mengi yanayofundishwa katika somo hili. Mtoto anayezijua kwa Kiswahili tofauti za mzizi, shina, jani na ua tayari amelielewa jambo lenyewe. Kinachobaki ni kujifunza majina yake kwa Kiingereza. Kwa hiyo zungumza naye kwa lugha yako. Ukipenda, mwambie mwalimu kwamba unaweza kuja darasani kuwaonyesha watoto jinsi ya kupanda mbegu. Walimu wengi hufurahi kumpokea mzazi wa namna hiyo.

2. Majira yanayohesabiwa kwa mwanga

Katika nchi nyingi tulizotoka, mwaka hugawanywa kwa mvua: masika, vuli na kiangazi. Huku mwaka hugawanywa kwa joto na mwanga. Jijini Nairobi mchana huwa na saa 12 hivi mwaka mzima. Jijini Boston mchana wa Desemba huwa na saa 9 tu, ilhali mchana wa Juni hupita saa 15. Ongezeko hili la mwanga na joto ndilo linaloamsha miti, ndege na wadudu, na ndilo analolifundisha mwalimu anapowaambia watoto wachore jua kila asubuhi.

Badiliko hili linaleta mambo mawili nyumbani. La kwanza ni usingizi. Mwishoni mwa Juni jua la Boston huzama baada ya saa 2 usiku kwa hesabu yetu ya Kiswahili, nalo huchomoza mnamo saa 11 alfajiri. Mtoto hukataa kulala akisema bado ni mchana, na kwa macho yake anasema kweli. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi katika siku nzima. Ning'iniza pazia zito au kitambaa cheusi dirishani, na ushike saa ileile ya kulala kila siku.

La pili ni kupanda. Siku moja yenye jua mwezi wa Aprili haimaanishi kwamba baridi imekwisha. Jalidi huweza kurudi usiku na kuua miche. Wakulima wengi wa kaskazini mwa eneo hili husubiri hadi mwisho wa Mei ndipo wapande nje maharagwe, mahindi na nyanya. Ndiyo maana mtoto huanza kuotesha mbegu ndani ya kikombe karibu na dirisha la darasa.

3. Fomu ya ruhusa

Kabla ya matembezi, shule hutuma karatasi inayohitaji saini yako. Karatasi hiyo hueleza siku, mahali, usafiri na saa ya kurudi. Mara nyingi huuliza pia namba ya simu ya dharura, dawa anazotumia mtoto, na vitu vinavyomdhuru kama vile karanga au kuumwa na nyuki. Isipojazwa, kwa kawaida mtoto huachwa shuleni wenzake wakiondoka.

Usitie saini karatasi usiyoielewa, wala usiitupe kwa sababu hukuielewa. Shule zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa. Omba mkalimani. Huduma hiyo hailipiwi na mzazi. Mtoto hapaswi kutumwa kuwa mkalimani wa mambo ya afya yake mwenyewe.

4. Mavazi ya siku ya nje

Asubuhi ya majira ya kuchipua inaweza kuwa na baridi kali, na mchana ukawa na joto. Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ili aweze kupunguza. Mpe suruali ndefu, soksi ndefu na mabuti ya mpira. Nguo za rangi nyeupe au hafifu zinafaa zaidi, kwa kuwa kupe huonekana upesi juu yake. Weka soksi na suruali ya akiba katika mkoba, maana mtoto aliyelowa hupatwa na baridi haraka.

Mavazi haya si lazima yawe mapya. Ikiwa huna uwezo wa kuyanunua, mwambie mwalimu au muuguzi wa shule kwa faragha. Shule nyingi zina akiba ya mabuti na makoti kwa ajili ya watoto, na kuomba si aibu.

5. Kupe: somo ambalo mzazi hana budi kulijua

Wengi wetu tunamjua kupe wa ng'ombe, na baadhi yetu tunamjua papasi, anayejificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo na kuleta homa ya papasi. Kupe wa misitu ya huku ni mwingine. Huitwa kupe wa kulungu au kupe wa miguu myeusi, na bakteria anayoibeba ni ya jamii moja na ile ya homa ya papasi. Ugonjwa wake huitwa ugonjwa wa Lyme.

Historia yake inawahusu wazazi. Mnamo mwaka 1975, katika mji wa Lyme na vijiji jirani, jimbo la Connecticut, akina mama waliona kwamba watoto wengi walikuwa wanavimba magoti. Mmoja wao, Polly Murray, aliandika kumbukumbu za dalili hizo na kuwasisitiza wakuu wa afya wachunguze. Uchunguzi ulifanyika, na mwaka 1982 wanasayansi walitangaza bakteria inayosababisha ugonjwa huo. Elimu tuliyonayo leo ilianza kwa mzazi aliyetazama kwa makini na hakukubali kunyamaza.

Kupe haruki wala hapai. Husubiri juu ya nyasi au majani yaliyoanguka, na mtu akipita humdandia. Kupe mzima ambaye hajashiba damu ana ukubwa wa punje ya ufuta. Kupe mchanga, anayeuma zaidi kati ya Mei na Julai, ni mdogo kama nukta iliyo mwishoni mwa sentensi hii. Mtoto hahisi maumivu anapoumwa.

Tofauti moja kati ya papasi na kupe huyu ni ya muhimu sana. Papasi huuma usiku, hushiba haraka, huondoka. Kupe wa kulungu hubaki ameng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kwa hiyo ukimwona jioni ileile na kumtoa, hatari hupungua sana. Hii ndiyo sababu ya kumkagua mtoto kila siku anapotoka nje.

*Kabla ya kutoka.* Chomeka suruali ndani ya soksi. Unaweza kumpaka mtoto dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET isiyozidi asilimia 30, au yenye pikaridini. Dawa ipakwe na mtu mzima, isifike machoni, mdomoni wala viganjani. Dawa ya mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau isitumiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

*Baada ya kurudi.* Tia nguo kavu katika mashine ya kukaushia kwa joto la juu kwa dakika 10. Joto hilo huua kupe. Mwogeshe mtoto ndani ya saa mbili. Kisha mkague mahali hapa:

- ndani ya nywele na nyuma ya masikio;
- chini ya makwapa;
- ndani ya kitovu na kuzunguka kiuno;
- katikati ya mapaja;
- nyuma ya magoti.

Nywele zilizosukwa zinahitaji uangalifu zaidi. Pitisha ncha ya kidole polepole kwenye kila mstari kati ya misuko, ukipapasa kijipele kigumu ambacho hakikuwapo jana. Mtoto anayevaa hijabu au skafu akaguliwe shingoni na nyuma ya masikio, na kitambaa chenyewe kikung'utwe nje. Usisahau mkoba wa shule.

*Ukimkuta kupe amejishikiza, fanya hivi:*

1. Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi.
2. Vuta juu taratibu, kwa nguvu isiyobadilika. Usimzungushe.
3. Osha mahali hapo na mikono yako kwa sabuni na maji, au kwa spiriti.
4. Mbandike kupe kwenye gundi ya karatasi, na uandike tarehe.
5. Mpigie simu daktari wa mtoto siku hiyohiyo. Katika hali fulani daktari hutoa dozi moja ya dawa ya kinga, lakini ni lazima itolewe ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe.

Usimpake kupe mafuta ya taa, mafuta ya mgando wala rangi ya kucha, na usimchome kwa moto. Mambo hayo huweza kumfanya atoe majimaji yenye vijidudu ndani ya ngozi.

*Dalili za kuangalia.* Kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, wengi wa walioambukizwa hutokewa na baka linalopanuka polepole siku hadi siku. Picha nyingi utakazoona zinaonyesha duara jekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi baka hilo linaweza kuwa la kahawia, la zambarau, au kufanana na alama ya kuvilia damu, na kwa sababu hiyo hukosewa mara nyingi. Aghalabu haliwashi wala haliumi. Likianza, zungushia kalamu kwenye ukingo wake. Likivuka mstari kesho yake, nenda kwa daktari. Wapo pia wasiopata baka lolote. Dalili nyingine ni homa, kuumwa kichwa, uchovu, goti kuvimba, au upande mmoja wa uso kulegea.

Ugonjwa wa Lyme hutibiwa kwa antibayotiki, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14 ukigunduliwa mapema. Dozi imalizwe hata mtoto akipata nafuu. Hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kwa hiyo mtoto mgonjwa asitengwe na ndugu zake.

*Tahadhari kuhusu homa.* Familia zetu huizoea homa kwa jina la malaria, na baadhi yetu tunahifadhi dawa zake nyumbani. Usimpe mtoto dawa hizo kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari na umweleze mambo mawili: kwamba mtoto amekuwa porini au nyasini, na kama amesafiri kwenda nchi yenye malaria katika miezi 12 iliyopita. Malaria ni dharura, na ugonjwa wa Lyme hauondoki kwa dawa za malaria.

6. Chavua na pumu

Miti ya huku hutoa chavua, yaani vumbi la maua, kwa wingi katika Aprili na Mei. Mtoto ambaye hakuwa na tatizo lolote mwaka wa kwanza anaweza kuanza kupiga chafya na kuwashwa macho mwaka wa pili au wa tatu. Kamasi jepesi kama maji, macho kuwasha na kutokuwapo kwa homa huashiria mzio kuliko mafua. Daktari anaweza kutoa dawa inayofaa. Mtoto akirudi kutoka nje, mbadilishe nguo na umnawishe uso.

Ikiwa mtoto ana pumu, hakikisha kwamba muuguzi wa shule anayo dawa yake ya kuvuta pamoja na maelekezo yaliyoandikwa na daktari, na kwamba dawa hiyo inafuatana naye kwenye matembezi. Piga simu 911 mara moja ikiwa mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi, au midomo na fizi zimekuwa za kijivu au buluu. Taja lugha yako, useme "Swahili", ili uunganishwe na mkalimani.

7. Udongo, vifaranga na mikono

Kushika udongo ni sehemu ya somo, na udongo wa bustani ya shule si adui. Hata hivyo, nyumba nyingi za eneo hili zilijengwa kabla ya mwaka 1978, wakati rangi za nyumba zilipokuwa zikichanganywa na madini ya risasi. Rangi hiyo hubanduka na kuanguka kwenye udongo ulio karibu na kuta. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake kimyakimya. Mtoto asichezee udongo wa chini ya kuta za nyumba kuukuu. Ukitaka kulima bustani, panda katika sanduku lililojazwa udongo safi. Vueni viatu mlangoni, kama desturi yetu wengi ilivyo. Muulize daktari kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Watoto wakimbizi hadi umri wa miaka 16 hupendekezwa wapimwe ndani ya siku 90 tangu wafike.

Madarasa mengine huatamisha mayai ya kuku katika mashine kwa siku 21 hadi yaanguliwe. Kifaranga mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Mtoto asimbusu kifaranga wala kumweka karibu na uso, na anawe kwa sabuni mara baada ya kumshika. Ndugu zake walio chini ya miaka mitano wasishike vifaranga kabisa.

Mkumbushe pia kwamba hakuna kinachookotwa nje na kutiwa mdomoni bila ruhusa ya mtu mzima: tunda, uyoga wala jani. Akila kitu usichokijua, piga simu Kituo cha Sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote, bila malipo. Wakalimani wapo.

8. Maji na barafu

Mwezi wa Aprili vyura huanza kulia madimbwini, na watoto hupelekwa kuangalia mayai na viluwiluwi. Mwalimu huwa na utaratibu wake wa kuwalinda. Hatari kubwa ni mtoto kutaka kurudi kule peke yake baada ya shule. Mwambie waziwazi: hakuna kwenda majini bila mtu mzima, na hakuna kukanyaga barafu ya majira ya kuchipua hata ikionekana ngumu. Mtoto huzama kwa muda mfupi sana, mara nyingi bila kelele. Mkiwa karibu na maji, kaa mahali ambapo mkono wako unaweza kumfikia.

9. Somo la nyumbani: maharagwe mawili

Somo hili halihitaji fedha. Chukua maharagwe mawili makavu kutoka jikoni, vikombe viwili na karatasi ya kupangusia. Lowesha karatasi, iweke ndani ya vikombe, na uingize haragwe moja kati ya karatasi na ukuta wa kila kikombe ili lionekane. Weka kikombe kimoja dirishani na kingine ndani ya kabati lenye giza. Karatasi zisiachwe zikauke.

Kabla ya kuanza, muulize mtoto: unadhani ni lipi litakalokuwa refu zaidi? Mwache ajibu, wala usimsahihishe. Kila jioni, baada ya kumkagua kupe, mchore pamoja mnachokiona. Baada ya siku chache mzizi utatokea kwanza, ukielekea chini. Baada ya wiki mbili hivi mtoto atashangaa: haragwe la gizani limerefuka zaidi, lakini ni jembamba na la manjano. Limetumia akiba ya mbegu kutafuta mwanga lisioupata. La dirishani ni fupi, kijani na imara.

Mtoto asile maharagwe mabichi, hasa mekundu, kwa kuwa yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri.

10. Maswali ya kujipima

Jibuni maswali haya pamoja nyumbani:

1. Mimea huhitaji nini ili iishi? Maharagwe yenu yameonyesha nini?
2. Taja sehemu tano za mwili ambazo kupe hupenda kujificha.
3. Kwa nini kumkagua mtoto jioni ileile ni bora kuliko kusubiri mwisho wa wiki?
4. Baka la ugonjwa wa Lyme huonekanaje juu ya ngozi nyeusi?
5. Kibano cha kutolea kupe kinawekwa wapi nyumbani kwenu, na nani anajua kukitumia?

Ikiwa swali la tano halina jibu, anza na hilo leo. Nunua kibano, kitundike karibu na bafu, na uwaonyeshe watu wazima wote wa nyumbani, pamoja na bibi au shangazi anayebaki na watoto. Kisha itie saini fomu ya ruhusa, umvalishe mtoto mabuti yake, na umwache aende akasome. Akirudi, muulize ameona nini.